Pointi 8 zilizojificha ndani ya daraja la pili: hesabu ya kuingia udaktari wa mifugo

Chukua wahitimu wawili wa kidato cha sita, wote wanatamani kusomea udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Wa kwanza alisoma CBG: Jiografia A, Baiolojia B, Kemia D. Ana daraja la kwanza la pointi 7. Wa pili alisoma PCB: Baiolojia B, Kemia B, Fizikia S. Ana daraja la pili la pointi 10. Kwa wa kwanza kumechinjwa mbuzi. Kwa wa pili watu wanaulizana kama mtoto arudie mtihani.

Asirudie chochote kabla hesabu haijapigwa upya.

Baraza la Mitihani huhesabu kuelekea chini: A ni 1, B 2, C 3, D 4, E 5 na S 6, na mwenye pointi chache ndiye bora. Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) huhesabu kinyume chake: A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Ukitazama Baiolojia na Kemia, masomo mawili yanayobeba fani hii, wa kwanza ana 4 na 2, jumla 6. Wa pili ana 4 na 4, jumla 8. A ya Jiografia ndiyo iliyompandisha wa kwanza daraja, lakini si Jiografia itakayomfundisha dozi ya dawa.

Kima cha chini cha jumla cha TCU kwa shahada ni pointi 4 katika masomo mawili. Kina upana gani? Alama A hadi E katika masomo mawili hutoa jozi 25. Zinazoanguka ni 3 tu: E na E, E na D, D na E. Jozi 22 zinavuka. Ukitaka pointi 8 na kuendelea, zinabaki 6. Ndiyo maana pointi 4 zinakupa haki ya kupanga foleni tu. Nafasi zikijaa, anayechukuliwa ni aliye mbele, na urefu wa foleni hubadilika kila mwaka. Mwenye 5 aombe, ila awe na kozi nyingine mkononi. Mwenye 8 asimwachie nafasi mtu kwa woga wa neno “daraja la pili”. Na kila mmoja asome mstari wa kozi hii katika mwongozo wa TCU wa mwaka wake, maana hapo ndipo penye masharti ya somo la tatu na ya kidato cha nne.

Mlango wa pili ni stashahada. Aliyesomea afya ya mifugo, kwa mfano katika kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA) za Tengeru au Mpwapwa, anaweza kuomba shahada akiwa na GPA isiyopungua 3.0. Huyu huja amekwisha kushika sindano na kamba.

Halafu kuna fedha. Shahada hii ni miaka 5, wakati nyingi ni 3. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23, Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Tuseme mwanafunzi anakaa chuoni siku 240 kwa mwaka: ni shilingi milioni 2.4. Kwa miaka 5 ni milioni 12, na kwa miaka 3 ni milioni 7.2. Tofauti ya milioni 4.8 ni chakula na kitanda tu, ada bado. Asiyepata mkopo kamili ajue mapema nani atalipa mwaka wa 4 na wa 5, maana kukwama huko ni kupoteza miaka mitatu iliyokwisha kulipiwa.

Kwa nini tuhangaike hivi? Sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu ng'ombe milioni 33.9, mbuzi milioni 24.5 na kondoo milioni 8.5. Jumla ni karibu milioni 67, na nyuma yao kuna familia zinazolipia ada, posa na matibabu kwa mnyama aliye hai. Inaniuma kijana mwenye pointi 8 akikaa nyumbani kwa sababu jirani alimsomea daraja, hakumsomea alama.

Kwa hiyo, mzazi, matokeo yakitoka, andika kwenye karatasi namba mbili: jumla ya Baiolojia na Kemia kwa hesabu ya TCU, na fedha ya miaka 5. Na aliye bado kidato cha tano, Kemia ya leo jioni ndiyo pointi ya mwakani.