Fahamu: Gari dogo lisilokula mafuta mengi, na ajira za Kenya

Bei ya kununua ni mwanzo tu wa gharama za gari. Kwa safari za mjini, injini ya cc 1000 hadi 1300 inatosha familia ndogo. Kabla ya kulipa, ulizia bei ya vipuri na fundi anayeifahamu injini hiyo.

Ukishanunua, pima ulaji wake: jaza tangi hadi pomoni, andika kilomita, endesha siku kadhaa, kisha jaza tena. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizoongeza.

Je, gari la nyumbani, yaani lililounganishwa Kenya na kuwapa Wakenya ajira, lipo? Kenya ina viwanda vya kuunganisha magari Thika, Nairobi na Mombasa. Desemba 2016, Volkswagen ilianza kuunganisha Polo Vivo huko Thika. Hata hivyo, wengi hununua magari yaliyotumika kutoka Japani, kwa kuwa gari jipya huwashinda bei.

Kuunganisha pekee hakutoshi kuleta ajira nyingi. Faida huongezeka pale betri, viti na vioo vinapotengenezwa nchini. Serikali yenyewe ianze kwa kununua magari yanayounganishwa nchini, na benki zitoe mikopo nafuu. Mwananchi naye, akiweza, aulizie gari la nyumbani kwanza.