Ndaye Mulamba: mchezaji aliyeliliwa mara mbili



Katika toleo hili tunapenda kuzungumza juu ya kilio cha wapenzi wa mpira wa miguu. Huenda mtu akauliza: mpira na kazi ya amani vinahusiana vipi, tena wakati familia nyingi zinatafuta unga na turubai? Jibu letu ni kwamba mchezaji mkubwa wa zamani akifariki, watu ambao vita iliwatenganisha hujikuta wanalia kifo kimoja. Hilo ni jambo adimu katika nchi yetu. Inafaa tuelewe linatokeaje, na jinsi viongozi wanavyoweza kulitumia vizuri.

Tumechagua mfano wa mtu ambaye wazee wengi wanamkumbuka: Pierre Ndaye Mulamba, ambaye wapenzi wake walimwita Mutumbula. Tumemchagua yeye kwa sababu alikuwa mchezaji mkubwa, na pia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi. Wapenzi wa mpira walimlilia mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa bado hai.

Alikuwa nani?

Mulamba alizaliwa mwaka 1948 huko Luluabourg, mji ambao leo unaitwa Kananga, katika Kasai. Alianza kucheza huko kwao, akaenda Mbuji-Mayi, kisha akafika Kinshasa katika timu ya AS Vita Club. Mwaka 1973 timu hiyo ilichukua kombe la vilabu bingwa vya Afrika. Ilipigwa 4-2 na Asante Kotoko huko Ghana, halafu ikalipiza 3-0 nyumbani Kinshasa.

Mwaka uliofuata, 1974, alikwenda Misri na timu ya taifa, Leopards ya Zaire, kwa Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika nusu fainali wenyeji Misri waliongoza kwa mabao 2-0 mbele ya watu wao. Zaire ikarudi na kushinda 3-2, na mawili kati ya hayo yalifungwa na Mulamba. Fainali ilikuwa dhidi ya Zambia. Iliisha 2-2, kwa kuwa Zambia walisawazisha mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Siku hizo mikwaju ya penalti haikutumika kuamua fainali hiyo, kwa hiyo mchezo ulirudiwa baada ya siku mbili. Zaire ilishinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika fainali hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Mulamba. Kwa jumla alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, na hadi alipofariki hakuna mchezaji mwingine aliyefikia hesabu hiyo katika kombe moja.

Tutazame pia timu yenyewe. Mlinda mlango Kazadi Mwamba na beki Bwanga Tshimen walitoka TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyoitwa zamani Englebert. Kapiteni Kidumu Mantantu alitoka Imana ya Kinshasa, mpinzani mkubwa wa AS Vita Club. Wapenzi wa timu hizo walitukanana kila Jumapili. Lakini Leopards walipocheza, mtu wa Kasai alifunga bao, na mtu wa Katanga, wa Kivu, wa Équateur na wa Bas-Congo wote waliruka pamoja. Hapo ndipo ilipo siri ya kilio cha mpira: watu hulia pamoja kwa sababu waliwahi kufurahi pamoja.

Furaha na aibu

Miezi michache baadaye, mwaka huo huo wa 1974, Leopards walikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani Magharibi. Walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika huko. Walifungwa 2-0 na Scotland, 9-0 na Yugoslavia, na 3-0 na Brazil.

Katika mchezo wa Yugoslavia, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke. Mwamuzi hakuona vizuri ni nani. Akamtoa nje Mulamba, ambaye hakuwa na kosa. Aliyepiga alikuwa mwenzake Mwepu Ilunga, na baadaye jambo hilo lilijulikana.

Tunalikumbusha tukio hilo kwa sababu wasomaji wetu wengi wanalijua jambo la namna hiyo kutoka maisha yao. Mmoja anakosa, na anayefanana naye ndiye anayeadhibiwa. Katika uwanja, adhabu ni kukosa mchezo. Vijijini, mtu wa kabila moja akifanya uovu, wengine wa kabila lake huchomewa nyumba. Ndiyo maana katika mikutano yetu tunarudia neno hili: kosa lina mwenyewe.

Jinsi alivyokuwa mkimbizi

Mwaka 1994 Mulamba alialikwa Tunisia, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, ili apewe heshima. Aliporudi Zaire, wezi wenye silaha walimvamia. Walidhani kwamba mchezaji maarufu lazima awe na pesa nyingi. Walimpiga risasi mguuni, na mtoto wake wa kwanza aliuawa. Yeye alipona baada ya miezi mingi ya matibabu.

Mwaka 1996, wakati wa vita ya kwanza ambayo wengi wenu mnaikumbuka, alikimbilia Afrika ya Kusini. Alifika kwanza Johannesburg, halafu Cape Town. Huko alipokelewa na familia moja katika mtaa wa watu wa hali ya chini. Hakuwa na kazi, na kwa muda alizama katika pombe. Mtu aliyeshangiliwa katika viwanja vya Kinshasa na Cairo alipita njiani bila kujulikana.

Tunawaomba viongozi walifikirie jambo hili. Mtu akikimbia, habari zake haziji pamoja naye. Mwalimu huwa "mkimbizi". Muuguzi huwa "mkimbizi". Chefu wa kijiji aliyeamua kesi kwa miaka ishirini husimama katika mstari wa kugawiwa maharagwe, na kijana mwenye orodha hajui anaongea na nani. Kukimbia kunamnyang'anya mtu nyumba na shamba. Kunamnyang'anya pia wale wanaomjua.

Kilio cha kwanza, mwaka 1998

Mwaka 1998 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Burkina Faso. Nchi yetu, ambayo tayari ilikuwa imebadilishwa jina, ilimaliza katika nafasi ya tatu. Katika mashindano hayo watu walisimama dakika moja ya kimya kwa ajili ya Ndaye Mulamba. Habari ilikuwa imeenea kwamba alifariki katika ajali ya mgodi wa almasi huko Angola.

Haikuwa kweli. Mulamba alikuwa hai huko Afrika ya Kusini, maskini na bila kazi.

Habari kama hiyo inawezaje kukubaliwa? Ilikubaliwa kwa sababu ilifanana na ukweli. Wakongomani wengi walikwenda kutafuta almasi Angola, na wengi hawakurudi. Mtu amekimbia, simu hakuna, barua haifiki, ndugu wametawanyika. Mmoja anasema "nimesikia kwamba...", wa pili anasema "inasemekana", wa tatu anasema "amekufa". Familia zilizohama zinaijua njia hiyo vizuri. Kuna wake waliofanya matanga ya waume walio hai, na kuna watoto waliolelewa kama yatima huku mama yao akiwatafuta katika kambi nyingine.

Uvumi wa kifo unaumiza, na wakati wa vita unaweza pia kuua. Neno "wamemuua mtu wetu" likitoka bila kuhakikishwa, vijana hushika mapanga kabla ya jioni. Kwa sababu hiyo kiongozi anayesema "tungoje kwanza tujue" anafanya kazi ya amani, hata kama wengine watamwita mwoga.

Kilio cha pili, mwaka 2019

Baada ya miaka ile migumu, maisha ya Mulamba yalibadilika kiasi. Alifundisha timu ndogo za mtaani huko Cape Town, na akaoa huko. Mwaka 2010, mwaka ambao Afrika ya Kusini ilipokea Kombe la Dunia, filamu juu ya maisha yake ilitolewa. Watu wengi walijua hapo ndipo alipofikia.

Alifariki Johannesburg tarehe 26 Januari 2019, akiwa na miaka 70, baada ya kuugua. Sasa kilio kilikuwa cha kweli. Wazee walisimulia tena fainali ya Cairo, na vijana ambao hawakuzaliwa mwaka 1974 walihesabu yale mabao tisa. Kananga, mji aliozaliwa, ulikuwa umetoka tu katika fujo kubwa za Kasai za mwaka 2016 na 2017, ambazo zilihamisha watu zaidi ya milioni moja. Hata hivyo jina la mtoto wake lilitajwa kwa heshima katika nchi nzima, na hakuna aliyeuliza kwanza ni wa kabila gani.

Lakini katika kilio hicho kulikuwa na uchungu mwingine. Wengi walijiuliza: tulikuwa wapi alipokuwa hai? Dakika ya kimya haigharimu kitu. Kumtafuta mtu, kumtembelea na kumsaidia kupata kazi hugharimu. Ndiyo maana mara nyingi tunachagua ile ya kwanza.

Hatari ya uwanja

Mpira peke yake hauleti amani. Mwezi wa Septemba 2008, huko Butembo, mchezo ulivunjika kwa sababu ya tuhuma za uchawi. Fujo na msongamano vikaua kiasi cha watu 13. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël Kinshasa, watu 15 walikufa kwenye mchezo wa AS Vita Club na TP Mazembe. Basi mchezo wa ukumbusho unaopangwa vibaya unaweza kuongeza makaburi. Inabidi viongozi wakae chini na kupanga kabla mpira haujawekwa katikati.

Tufanye nini katika kambi na mitaa yetu?

Mchezaji anayependwa akifariki, au mtu mwingine ambaye pande zote zilimheshimu, tunashauri hivi:

1. *Hakikisheni habari kwanza.* Watafuteni ndugu wa marehemu. Msitangaze kifo kwa sababu ya ujumbe wa simu usiojulikana umetoka wapi. Kwa jamaa waliopotea wakati wa kukimbia, Msalaba Mwekundu una kazi ya kutafuta watu na kuunganisha familia. Ulizeni ofisi yao iliyo karibu.

2. *Fanyeni kilio kimoja.* Ikiwa wenyeji wana kilio chao na waliohama wana chao, mmekwisha kupoteza nafasi. Kaeni katika kiwanja kimoja, na wasemaji watoke pande zote mbili. Akina mama nao waseme. Wao pia walisikiliza mchezo kwenye radio.

3. *Changanyeni timu.* Msicheze kabila kwa kabila, wala kambi dhidi ya kijiji. Kila timu iwe na wachezaji wa pande zote, kama Leopards walivyochanganya Lubumbashi na Kinshasa. Kubalianeni juu ya mwamuzi mapema. Acheni njia za kutokea wazi, na mchezo uishe kabla ya giza.

4. *Semeni ukweli wote wa maisha yake.* Msitaje mabao tu. Semeni pia kwamba alikimbia, kwamba alikosa kazi, kwamba alianguka na kusimama tena. Mtoto wa mkimbizi akisikia kwamba shujaa naye alilala katika nyumba ya kupokelewa, atajua kwamba kukimbia si aibu.

5. *Andikeni majina ya walio hai.* Kila kamati ya kambi iulize: nani kati yetu alikuwa mwalimu, fundi, mchezaji, mwamuzi, mkunga? Mtakuta watu ambao mnawahitaji leo, na ambao wamekaa kimya kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Jambo hili la tano ndilo tunalolikazia zaidi. Wazee wetu wana desturi ya kukusanyika kwa marehemu, kuchanga, kupika na kukesha. Desturi hiyo ni nzuri na imetuhifadhi katika miaka mibaya. Tunaomba sehemu ndogo ya mchango huo itolewe mapema. Familia iliyompokea Mulamba huko Cape Town haikungoja kutangaziwa kifo chake. Ilimpa mahali pa kulala.

Familia nyingi za Kongo zinafanya vilevile kila siku. Zinapokea watu waliokimbia, zinagawana nao sahani moja, na mara nyingi hazijui zimempokea nani. Kwa familia hizo tunasema asante. Na kwa wote tunaomba: leo jioni, mwulizeni mgeni wenu alikuwa nani kabla ya vita, mkamsikilize mpaka amalize.