Acheni Kuniuliza Hela za Mawe ya Tabaka

Nimeulizwa tena. Safari hii ilikuwa mazishini, upande wa Nyamache, kaunti ya Kisii, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Mzee mmoja alinishika mkono akanivuta hadi chini ya mparachichi. "Kijana wangu, si wewe ndiye uliyesomea pesa za serikali? Mawe ya Tabaka yanaingiza mabilioni. Mbona kaunti isiweke mfuko kama ule wa Norway, kila boma likapata chake Desemba?" Wiki mbili kabla ya hapo, msikilizaji aliniuliza hivyo hivyo kwenye kipindi cha redio. Kabla yake alikuwa mwakilishi wa wadi, tena amevaa tai, na hoja yake ilikuwa tayari imechapwa.

Nimejibu kwa upole miaka mingi. Leo najibu kwa maandishi, ili nikiulizwa tena nitoe gazeti mfukoni na kuendelea na chai yangu.

Kwanza, jiwe la Tabaka, lile jiwe laini la Kisii la kuchonga vinyago, si la kaunti. Ibara ya 62 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inayahesabu madini kuwa sehemu ya ardhi ya umma, na inayaweka mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Shamba ni lako, migomba ni yako, ila madini yaliyo chini yana mlinzi mwingine. Sheria ya Madini ya 2016 ndiyo inayogawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii inayochimbiwa. Kwa hiyo anayesema "mabilioni ya kaunti" ameshakosea kabla hajahesabu chochote, kwa sababu anazungumzia sehemu moja ya tano ya mrabaha. Na mrabaha wenyewe ni kipande tu cha bei ya jiwe.

Sasa tuhesabu, maana hapa ndipo watu hunikimbia. Chukua mwaka wa fedha 2021/22. Kisii ilitengewa mgao wa takriban shilingi bilioni 8.9 kutoka Nairobi, na jirani yake Nyamira takriban bilioni 5.1. Ukigawa hizo 8.9 kwa siku 365 unapata milioni 24 na ushei. Hiyo ndiyo posho ya Kisii ya kutwa moja: mishahara ya wauguzi, mafuta ya ambulansi, barabara za vijijini, walimu wa chekechea.

Tufanye kwamba mrabaha wote wa jiwe la Tabaka kwa mwaka ni shilingi milioni 50. Hii ni namba ya mfano tu, kwa hiyo msiende kuinukuu kilabuni. Asilimia 20 yake ni milioni 10. Kaunti ikianza kuitumia saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi alasiri imekwisha, hata watu wa ofisini hawajatoka kazini. Ukiamua kuwagawia wananchi, sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii. Kila mmoja anapata kama shilingi 8 kwa mwaka. Andazi la shilingi 10 hulipati.

Najua mtakachosema: namba hiyo ni ndogo, mawe yanaibwa, takwimu zinafichwa. Haya, tuizidishe mara kumi. Mrabaha uwe milioni 500, kaunti ipate milioni 100. Imenunua siku nne. Ianze kuliwa Jumatatu asubuhi, na Alhamisi usiku sahani iko tupu.

Na huo mfuko nao una gharama. Hoja ya yule mheshimiwa ilikuwa na bodi, mwenyekiti, mkurugenzi na marupurupu ya vikao. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema gharama za kuendesha mfuko wa umma wa kaunti zisizidi asilimia 3 ya bajeti yake. Asilimia 3 ya milioni 10 ni shilingi laki tatu. Nilimuuliza ni mkurugenzi yupi atakayekubali laki tatu kwa mwaka, na bado amlipe karani na anunue karatasi. Alicheka. Hoja hakuiondoa.

Kuna jambo jingine ambalo waliokulia Tabaka wanalijua kuliko mimi. Mrabaha hutozwa madini. Jiwe linapotoka shimoni likiwa bonge, bei yake ni ndogo. Thamani huja baadaye: mchongaji akilitoa kiboko au kinara cha mshumaa, kina mama wakalisugua kwa msasa ndani ya karai la maji, likang'arishwa, likafungwa kwa makaratasi na kusafirishwa. Kazi hiyo yote ni jasho la mtu, na sheria ya madini haina la kudai hapo. Anayefaidi zaidi ni mwenye duka la mbali anayeliuza kwa mtalii. Kwa hiyo ukiona seti ya sataranji ya jiwe la Kisii ikiuzwa kwa bei ya mbuzi kwenye uwanja wa ndege, usidhani gavana amekalia pesa hizo. Hazikupita kwake.

Nyamira swali hubadili nguo tu. Kule huniuliza kuhusu mfuko wa majani chai. Chai si madini. Ni mali ya mkulima anayeichuma, na fedha zake hupitia kiwandani hadi kwenye bonasi. Mwenye malalamiko ya bonasi aende kwa wakurugenzi wa kiwanda chake. Tusonge mbele.

Tuje kwa Norway, maana ndiyo dawa ya kila mganga wa siku hizi. Norway ilipitisha sheria ya mfuko wake wa mafuta mwaka 1990. Pesa za kwanza ziliingia 1996. Kwa miaka sita mfuko ulikuwepo kisheria bila senti moja, katika nchi iliyokuwa ikichimba mafuta baharini tangu miaka ya 1970, kwa sababu walishikilia kanuni moja: huweki akiba mpaka bajeti yako iwe na ziada. Ikiwa bado unakopa ili ulipe matumizi, hicho unachokiita akiba ni mkopo uliouhamisha mfuko. Nikiwaeleza hivi watu hutikisa kichwa kwa heshima, kisha wanauliza, "Lakini sisi tungeanza lini?"

Tungeanza siku ambayo wakandarasi wote wa kaunti wamelipwa. Niambieni siku hiyo. Kaunti zetu zinadaiwa na watu waliojenga zahanati miaka iliyopita, na mgao wa Nairobi ukichelewa miezi miwili, wafanyakazi wanakopa dukani. Kuweka pesa benki zipate riba ndogo huku ukidaiwa na fundi aliyeuza ng'ombe ili amalize kazi yako ni dhuluma, hata ukiipa jina la "vizazi vijavyo".

Majirani nao wana la kutufunza. Uganda iliweka mfuko wa petroli katika sheria yake ya fedha ya 2015, na fedha zilizoingia humo, kodi za miamala ya visima, zilichotwa kwenda bajetini kabla pipa la kwanza la biashara halijauzwa. Hapa nyumbani, Kwale walichimbiwa titani kwa takriban miaka kumi, uchimbaji ukakoma Desemba 2024, na kwa miaka mingi baada ya sheria ya 2016 wenyeji walikuwa bado wanauliza asilimia zao zimekwama wapi. Huko meli zilikuwa zikipakia madini kwa maelfu ya tani. Tabaka tunazungumzia vijana wenye mitaimbo shimoni.

Mtanikumbusha kwamba Rais William Ruto, akilihutubia Bunge Novemba 2025, alitangaza hazina ya utajiri wa taifa pamoja na mfuko wa miundombinu. Ni kweli. Hilo ni suala la nchi yenye mafuta ya Turkana ya kusubiri na hisa za serikali za kuuza, na lina ubishi wake mkubwa: nani atasimamia, Bunge litaona nini, pesa zitapita nje ya bajeti au ndani. Lifuatilieni. Ila halimpi mwakilishi wa wadi wa Bonchari ruhusa ya kuiga jina hilo kwenye hoja.

Kinachonikera ni kwamba tukiwa tumekodolea mawe macho, pesa zenyewe hupita nyuma yetu. Mwaka 2020 Seneti ilivutana wiki baada ya wiki kuhusu mfumo wa tatu wa ugavi wa mapato. Agosti 17 maseneta watatu walikamatwa, Cleophas Malala, Christopher Langat na Steve Lelegwe, na suluhu ikapatikana Septemba 17 kwa kuahidi kuongeza mgao wa kaunti zote kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili kaunti yoyote isipunguziwe. Ndani ya mfumo huo, uzito wa idadi ya watu peke yake ulishuka kutoka asilimia 45 hadi 18, ingawa vipimo vingine, kama afya, navyo viliwagusa watu. Ukubwa wa ardhi ulibaki na asilimia 8.

Pima hilo kwa kaunti yenye watu zaidi ya 900 kwa kilomita ya mraba, ambako kaka watatu hugawana nusu ekari. Asilimia moja ya bilioni 370 ni bilioni 3.7. Kisii ina karibu asilimia 2.7 ya Wakenya wote, lakini haifiki hata robo ya asilimia moja ya ardhi ya Kenya. Kila pointi moja ambayo ingehamishwa kutoka ukubwa wa ardhi kwenda idadi ya watu ingeiletea Kisii karibu milioni 90 za ziada kwa mwaka, na Nyamira karibu milioni 40. Pointi moja tu. Ili Tabaka iingizie kaunti milioni 90, mrabaha wa mawe ungelazimika kufika milioni 450 kila mwaka. Sasa niambieni ni wangapi kati yenu waliompigia simu seneta mwaka ule kuuliza kuhusu hiyo pointi. Mimi sikusikia hata mazishi moja yakiizungumzia, na mazishi ninahudhuria mengi.

Au chukua 2024. Mswada wa Fedha ulipoondolewa baada ya maandamano ya vijana, mgao wa kaunti uliokuwa umepitishwa kwa bilioni 400.1 uliishia bilioni 387.4. Bilioni 12.7 zikayeyuka, na kila kaunti ikakatwa. Mwaka uliofuata Seneti ilitaka bilioni 465, Bunge la Kitaifa likashikilia 405, wakakutana kwenye kamati ya upatanishi na kutoka na 415. Mabishano kama hayo ndiyo yanayoamua kama hospitali ya Ekerenyo itakuwa na dawa.

Haya, cha kufanya, haraka haraka maana nafasi inaisha. Katiba inataka mfumo wa ugavi upitiwe kila miaka mitano, na Tume ya Ugavi wa Mapato hupokea maoni, basi peleka maoni. Kila mwaka kaunti huandaa waraka wa mkakati wa fedha unaoweka vikomo vya kila idara, na sheria inataka maoni ya wananchi yazingatiwe kabla haujafika bunge la kaunti. Bunge likishaupitisha, kubishana juu ya makadirio ya Aprili ni kugombania makombo. Angalia mambo mawili: mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, maendeleo yasipungue asilimia 30. Soma ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, hutolewa kila robo mwaka na hazilipiwi. Ukinyimwa stakabadhi, Ibara ya 35 iko upande wako, andika barua na ubaki na nakala yenye muhuri. Ukitaka akiba kwa nguvu zote, sheria tayari inaruhusu hazina ya dharura ya kaunti, ambayo malipo yake hayazidi asilimia 2 ya mapato, basi uliza imetumikaje. Wachimbaji na wachongaji wa Tabaka wachukue vibali, wauze kwa pamoja, wadai ile asilimia 10 ya jamii kwa maandishi. Na Keroka, tafadhali: muuza ndizi asidaiwe risiti na kaunti mbili kwa kuwa mpaka wa Kisii na Nyamira unapita karibu na meza yake. Sheria ya Mahusiano ya Serikali ya 2012 inaruhusu kamati ya pamoja, na makubaliano ya kugawana ushuru wa soko moja hayahitaji Norway.

Mara ya mwisho nilipokaa kwenye kikao cha maoni ya waraka wa mkakati wa fedha, viti vingi vilikuwa vitupu na soda zilibaki. Waliokuja walizungumza kwa ufasaha kuhusu mawe. Safari ijayo someni kwanza ukurasa wenye vikomo vya idara, halafu mje na kalamu. Siku ya mwisho ya waraka kufika bunge la kaunti ni Februari 28.