Sita kati ya Wanane: Tuhesabu Kabla ya Kushuku

Kwa mkazi wa Busia, Malaba au Mutukula, siku ya soko ni siku ya watu wa nchi mbili kukutana. Ni siku vilevile ambayo shutuma huenea upesi kuliko askari wa doria: simu ikipotea, kabla mwenyewe hajafika kituoni, imekwisha kuamuliwa kwamba mwizi ni mtu wa ng'ambo. Tungependa kueleza jinsi hesabu ndogo inavyoweza kumwokoa asiye na hatia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika soko moja wamekamatwa washukiwa wanane wa wizi, na sita kati yao wamevuka mpaka asubuhi hiyo. Sita kati ya wanane ni asilimia 75, na msikilizaji hukata shauri papo hapo. Hata hivyo, hesabu hiyo imejibu swali moja tu: kati ya waliokamatwa, wageni ni wangapi? Swali linalomhusu mgeni aliyepanga nyanya zake mbele yako ni jingine kabisa: kati ya wageni wote, washukiwa ni wangapi?

Ili kulijibu, sharti tuhesabu soko zima. Tuseme waliokuwapo ni watu 200: wageni 150 na wenyeji 50. Washukiwa sita kati ya wageni 150 ni wanne katika kila mia. Wawili kati ya wenyeji 50 ni wanne katika kila mia vilevile. Uwezekano wa mtu kuwa miongoni mwa washukiwa ni ule ule, awe mgeni au mwenyeji. Wageni walizidi mahabusu kwa kuwa walizidi sokoni, na 144 kati yao hawakushukiwa kwa lolote. Tena, mshukiwa si mwizi mpaka mahakama iamue hivyo, jambo ambalo hatuchoki kulikumbusha.

Idadi ndogo nayo huyumba. Angekamatwa mwenyeji mmoja zaidi, wenyeji wangefikia sita katika kila mia, na uvumi ungegeukia upande wa pili, yote hayo kwa ajili ya mtu mmoja.

Kosa jingine ni kuhesabu mara mbili. Kaya 30 zikiulizwa, 12 zikasema zimeibiwa mbuzi na 10 zimeibiwa baiskeli, wengi hutangaza kwamba kaya 22 zimeibiwa. Lakini iwapo kaya tano zimepoteza vyote viwili, zimeingia katika jumla mara mbili. Ondoa tano, zibaki 17. Kaya 13 zimesalimika. Kwa kosa hilo doria ya usiku yaweza kupelekwa kijiji kisichoihitaji zaidi.

Itazamwe pia ni nani aliyeulizwa. Kaya zilizokuja zenyewe kulalamika haziwezi kuzisemea zile zilizobaki nyumbani. Ni afadhali majina ya kaya zote yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe, kisha yaokotwe kwa kura mbele ya wanakijiji.

Wenyeviti wa vijiji wanaotuandalia orodha za wizi tunawaomba waandike idadi mbili kila mara, ya walioibiwa na ya walioulizwa, na walioibiwa vitu zaidi ya kimoja watiwe alama.