Fahamu: Kodi ya mapato kwa avukaye mpaka wa jimbo kwenda kazini

Mkazi wa New Jersey avukaye mto Hudson kwenda kazini New York hutozwa kodi ya mapato kwanza na jimbo la kazi yake, kisha jimbo la maskani yake humpunguzia deni kwa kadiri ya alichokwisha kulipa ng'ambo, ili asitozwe mara mbili kwa jasho lile lile. Baina ya New Jersey na Pennsylvania upo mwafaka: mshahara hutozwa nyumbani tu.

Dhiki huwapata wa New Hampshire, jimbo lisilotoza mishahara, kwani walipacho Massachusetts, waendako kazini, hakina deni la kufidia. Massachusetts ilipoendelea kuwatoza wakati wa korona, hali wakifanya kazi majumbani mwao, New Hampshire ilishtaki. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kulisikiliza shauri hilo, na kwa rai yangu wafanyakazi wale walinyimwa insafu.