Mashine Haikusomi Uso

"Japuonj, nikishapoteza mara ngapi ndiyo nibadilishe mtindo?"

Nimeulizwa hivyo kwenye steji ya bodaboda pale Kondele, nimeulizwa nikisubiri samaki Dunga, na wiki iliyopita nimeulizwa na fundi aliyekuja kunitengenezea pampu. Japuonj ni mwalimu kwa Kiluo; ninafundisha nadharia ya uwezekano, yaani hesabu za bahati, na kila anayesikia hivyo hudhani nimeficha namba fulani. Hakuna namba. Swali lenyewe ni bovu, na nimechoka kulijibu nusunusu.

Kubadilisha mtindo ni silaha ya kweli, ila ni silaha dhidi ya macho ya mtu. Chukua ile poka yetu ya mtaani, ile ya kutangaza "niko kadi" kabla ya kumaliza. Mwenzako anakutupia 3 ili uokote kadi tatu, nawe una ree ya kuizima. Kama kila mara ukiwa na ree unaizima, basi siku utakayookota kadi tatu bila neno, meza nzima itajua huna ree, na watakuandama mpaka mwisho. Kwa hiyo mchezaji mzuri wa Manyatta, mara mojamoja, huokota zile tatu huku ree ameishika mkononi. Amelipa kadi tatu kununua shaka ya wenzake. Hiyo ndiyo maana ya kubadilisha mtindo: kumharibia hesabu anayekusoma.

Poka ya dau ni hivyohivyo. John von Neumann na Oskar Morgenstern walilionyesha hilo kwa hesabu katika kitabu chao cha mwaka 1944: anayeweka dau akiwa na kadi nzuri tu anajiuza, kwa sababu akiweka dau wenzake wote watatupa kadi. Lazima mara nyingine atishie kwa mkono mtupu.

Sasa niambie, ndani ya mashine ya kamari kuna nani anayekusoma?

Hapo ndipo ninapogombana na watu. Kijana aliyeniuliza pale Kondele alinionyesha daftari. Anacheza Aviator, kamari ya simuni: ndege inapaa, kizidishi cha dau lako kinapanda nayo, na usipotoa pesa kabla ndege haijapotea, dau limekwenda. Alikuwa ameandika, safu baada ya safu, namba ambazo ndege hiyo ilipotelea: 1.02, 1.37, 6.40, 1.00. Chini ya kila hasara tano mfululizo alikuwa amepiga mstari mwekundu na kuandika pembeni, kwa herufi kubwa, GEUZA. Akigeuza, anaacha kutoa pesa kwenye mara 2, anasubiri mara 10. Au anaongeza dau. Au anahamia simu ya rafiki yake. Alichotaka kwangu ni kujua kama hasara tano zinatosha au asubiri saba. Tuliketi kwenye benchi tukahesabu kurasa mbili za kutolea mara 2. Mizunguko iliyofuata hasara tano ingelipa karibu nusu ya mara zote. Mizunguko mingine yote ililipa karibu nusu vilevile.

Ingekuwaje vingine? Mahali ambapo ndege itapotelea hupangwa kabla haijaruka. Haijui umepoteza, haijui umehamia simu nyingine, haijui wewe ni nani. Watengenezaji wenyewe wanatangaza kwamba mchezo unarudisha asilimia 97 ya pesa zinazowekwa. Hebu tuifanyie kazi namba hiyo. Ukiwa mtu wa kutoa kwenye mara 2, utafanikiwa kama mara 48.5 kati ya 100; zidisha kwa 2, unapata 97. Ukiwa mtu wa kusubiri mara 10, utafanikiwa kama mara 9.7 kati ya 100. Zidisha kwa 10, unapata 97. Mwoga 97, jasiri 97, anayechanganya uoga na ujasiri 97. Mitindo yote inapita mlango mmoja na kuacha shilingi 3 kwa kila 100. Na usizione ndogo: mtu anayeweka shilingi 50 mara 200 kwa usiku mmoja amepitisha shilingi 10,000, hata kama alianza na 1,000 tu, na wastani wa hasara yake ni 300 kwa usiku huo.

Kisha huja dawa ya pili, ambayo ndiyo hatari zaidi: "Ukipoteza, zidisha dau mara mbili, lazima siku moja urudishe." Anza na shilingi 20. Ukipoteza weka 40, kisha 80, 160, 320, 640, 1,280, 2,560. Ukishinda popote njiani, faida yako ni shilingi 20. Ukipoteza zote nane, umepoteza 5,100. Kwa sarafu isiyo na hila, hasara nane mfululizo hutokea kwa wastani mara 1 kati ya 256. Mara 255 unashinda shilingi 20: jumla 5,100. Mara moja unapoteza 5,100. Sifuri kamili, tena kwa sarafu ya haki. Kwa ile ndege, ukitolea kwenye mara 2, mkosi huo huja kama mara 1 kati ya 202. Unakusanya vishilingi ishirini mara 201, vinafika 4,020, halafu 5,100 zinaondoka kwa pigo moja. Wanaonisimulia habari za kuzidisha dau huwa bado wako ndani ya zile 201.

Wauza "signal", yaani wanaouza utabiri wa mahali ndege itapotelea, sitawapa nafasi kubwa. Huyatumia makundi mawili utabiri tofauti, kisha huliendea kundi lililobahatika kudai malipo.

Imani kwamba ukipoteza mfululizo ni lazima ugeuze, siidharau inakotoka. Mvuvi wa omena akirudi mtupu usiku wa kwanza, akarudi mtupu wa pili, ana kila sababu ya kuhama. Mwezi umekua, taa zake hazivuti tena, upepo umegeuka, omena wamehama. Ziwa lina hali, na hali ya jana inasema kitu kuhusu leo. Mtu aliyelelewa Usenge au Mbita amejifunza kwa tumbo lake kwamba mkosi ni habari, na mwenye akili huisikiliza. Ni akili ya kweli. Kosa ni kuibeba kutoka majini na kuipeleka kwenye kitu kisicho na mwezi wala upepo.

Haya, kwa mnaocheza na watu. Kwanza, usibadilike kwa hasira wala kwa kuhesabu hasara. Atakayekuchunguza ataona kwamba ukipoteza tatu unaanza kutishia, na utakuwa umemwandikia ratiba. Panga kiwango mapema, kisha iachie bahati ichague. Dau lako likilingana na pesa zilizo mezani, mara 1 kati ya 3 liwe la kutishia. Likiwa nusu yake, mara 1 kati ya 4. Unachaguaje? Tazama saa: mkono mtupu umekujia, na tuseme ili ufikie kiwango chako umeamua kutishia kwa moja kati ya tatu ya mikono kama huo; sekunde ziko chini ya 20, tishia, zimezidi, tupa kadi. Pili, asiyetupa kadi kamwe usimtishie hata mara moja. Subiri mkono mzuri umtoze. Tatu, asiyekusoma hahitaji kuchanganywa, mchezee sawasawa mpaka azinduke. Na kwa lile la kwanza, la kupanga kiwango mapema, kuna mfano: mwaka 2019 programu ya Pluribus, kazi ya Noam Brown na Tuomas Sandholm, iliwashinda wachezaji bingwa wa poka kwenye meza ya watu sita bila kubadilisha mpango wake kwa ajili ya mpinzani yeyote. Tendo lilibadilika kila mkono, viwango vilikaa palepale.

Na kwenye ndege, vitu unavyoweza kubadilisha vikagusa hasara yako ni viwili: ukubwa wa dau na idadi ya mizunguko. Vikipungua, wastani wa hasara unapungua. Kimoja kikifika sifuri, nayo inafika sifuri.