Kompyuta ya Nyumbani Inapogoma Katikati ya Sasisho

Katika nyumba nyingi za Karagwe na Kyerwa kompyuta si kitu cha mjini tena. Utaikuta Kayanga na Omurushaka, utaikuta Nkwenda, Isingiro na hata Murongo kule mpakani. Mara nyingi ni ya mtumba, imewekwa juu ya meza ya sebuleni na kufunikwa kitambaa ili vumbi lisiingie. Mama mwalimu hutungia humo mitihani. Mama mweka hazina wa kikundi huweka humo hesabu za hisa na mikopo ya wenzake. Baba huandika kilo za kahawa alizopeleka chama cha msingi. Watoto husomea, na picha za harusi, za ubatizo na za bibi aliyekwisha tutangulia zimo humo humo.

Kisha siku moja, na aghalabu ni siku ambayo kazi ni ya haraka, kioo kinaonyesha duara linalozunguka na maneno yanayosema kwamba mashine inasasishwa, isizimwe. Inafika asilimia 30, inasimama. Saa nzima inapita. Ikizimwa na kuwashwa tena, inasema imeshindwa na inarudisha mambo yalivyokuwa. Au haisemi lolote, inabaki nyeusi. Hapo mama hufunga mashine ndani ya kanga na kuipeleka kwa fundi, naye fundi huuliza swali moja tu: "Mama, nipige Windows?" Mama asiyejua maana ya swali hilo huitikia ndiyo. Jioni mashine hurudi ikiwaka vizuri, nyepesi kama mpya, na tupu. Hesabu za kikundi hazimo.

Mpendwa msomaji, katika makala hii tunataka kueleza jambo moja. Sasisho lililoshindwa kwa kawaida haliibi vitu vya nyumba. Kinachovipoteza mara nyingi ni haraka inayofuata baada yake.

Sasisho ni la nini?

Kila kompyuta ina programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote. Huitwa mfumo endeshi. Katika nyumba nyingi mfumo huo ni Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Watengenezaji hugundua matundu ambayo wezi wanaweza kupitia, nao hutoa viraka vya kuyaziba. Viraka hivyo ndivyo masasisho. Kwa desturi Microsoft huvitoa Jumanne ya pili ya kila mwezi, na kwa saa zetu ni usiku wa siku hiyo. Mama anayejua hilo hashangai kompyuta yake inapokuwa nzito siku ya Jumatano.

Je, ni lazima? Tukumbuke yaliyotokea mwaka 2017. Tarehe 14 Machi mwaka huo Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita katika tundu hilo hilo na kuenea katika nchi zaidi ya 150. Kilifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Huko Uingereza hospitali zililazimika kuahirisha miadi ya wagonjwa. Mashine zilizokwisha kupata kiraka zilikuwa salama kwa upande wa tundu hilo. Kwa hiyo kuzima masasisho kabisa, kama wengine wanavyoshauri ili kuokoa bando, ni kulala na mlango wazi.

Kwa nini hushindwa?

Sababu ya kwanza kwetu ni umeme. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera ulipata umeme wake kutoka Uganda, na kukatika kwa umeme ni jambo ambalo kila mama wa huku amelizoea. Wakati wa sasisho kompyuta inaondoa sehemu za zamani na kuweka mpya. Umeme ukikatika hapo katikati, au LUKU ikiisha, inaweza kubaki na nusu ya kale na nusu ya mpya, nayo haijui ifuate ipi.

Ya pili ni bando. Sasisho la mwezi huweza kuwa na mamia ya megabaiti, na lile kubwa linalobadilisha toleo zima huwa na gigabaiti kadhaa. Bando likiisha njiani, kazi inasimama. Tena, kompyuta inayotumia mtandao wa simu huweza kuwekwa ijue kwamba mtandao huo ni wa kulipia kwa kipimo. Hapo huacha kupakua mambo makubwa mpaka ipewe ruhusa. Mama akidhani imeharibika, kumbe inamtunzia bando lake.

Ya tatu ni nafasi. Diski ikijaa sinema na picha, sasisho halina mahali pa kujitandaza. Kwa sasisho kubwa ni vema zibaki kama gigabaiti 20 zilizo wazi.

Ya nne husahaulika kabisa: saa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara kama sarafu inayotunza tarehe. Katika mashine za zamani betri hiyo hufa, na kila inapowashwa tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kompyuta yenye tarehe ya uongo haiaminiki mtandaoni, na sasisho hukataliwa. Dawa yake ni kurekebisha tarehe, kisha kubadilisha betri hiyo.

Ikigoma, tufanye nini?

Kwanza, tusubiri. Ndizi haziivi kwa kufunuliwa chungu kila dakika. Mashine ya zamani yenye diski ya kuzunguka inaweza kukaa kwenye asilimia moja kwa saa nzima na bado inafanya kazi. Angalia ile taa ndogo ya diski. Kama inapepesa, iache. Saa mbili au tatu si nyingi. Wape watoto kazi nyingine, nawe endelea na zako.

Pili, kama taa imetulia kabisa na saa nyingi zimepita, bonyeza kitufe cha kuwashia na kukishikilia kwa sekunde kumi hivi mpaka izime. Chomoa flashi, printa na kila kilichochomekwa pembeni, acha waya wa umeme tu. Washa tena. Mara nyingi itasema inarudisha mambo yalivyokuwa. Maneno hayo ni ya heri, kwa maana mashine inajitibu. Iache imalize.

Tatu, ikishawaka, kabla ya kujaribu sasisho mara nyingine, nakili kwenye flashi vitu vyote ambavyo huwezi kuvipata tena: hesabu, mitihani, picha. Usiruke hatua hii hata kama mashine inaonekana nzima.

Nne, tafuta sababu. Futa visivyotakiwa na kumwaga kapu la takataka la kompyuta. Tazama tarehe. Tazama bando. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Windows, tafuta palipoandikwa "Troubleshoot", na uchague Windows Update. Hapo mashine hujikagua yenyewe na kurekebisha baadhi ya hitilafu.

Tano, kama imeshindwa tena, itatoa namba ya kosa. Ipige picha kwa simu au iandike daftarini kama ilivyo. Namba hiyo ni kama cheti cha maabara, humwambia fundi ugonjwa. Kwa mfano 0x80070070 maana yake ni kwamba nafasi ya diski haitoshi, na ugonjwa huo unaweza kuutibu mwenyewe bila kumlipa mtu.

Ikikataa kuwaka kabisa

Hata hapo tusikate tamaa. Windows ikishindwa kuwaka mara mbili au tatu mfululizo, kwa kawaida huleta ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", halafu "Advanced options". Utaona njia kadhaa. "Startup Repair" hujaribu kutengeneza kuwaka kwake. "Uninstall Updates" huondoa sasisho la mwisho lililoleta matata. "System Restore" huirudisha mashine katika hali ya siku za nyuma, kama kumbukumbu ya siku hizo ilitunzwa. Njia hizi tatu haziundwi kufuta barua na picha zako. Zijaribu kwa utaratibu huo huo, moja baada ya nyingine.

Njia ya mwisho ni kuiweka upya. Hapa soma kwa makini, maana utaulizwa jambo moja zito. "Keep my files" maana yake mafaili yako yabaki, ingawa programu ulizoongeza zitaondoka. "Remove everything" maana yake kila kitu kiondoke. Tofauti ya maneno hayo ndiyo tofauti ya kuwa na hesabu za kikundi na kutokuwa nazo.

Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Ndege zilisimama, benki na hospitali zikakwama. Dawa ilikuwa nini? Mafundi waliingia katika kila mashine, wakaondoa faili lililoleta matata, nayo ikawaka. Hawakuhitaji kufuta kila kitu. Ikiwa mashirika makubwa hayakuchoma nyumba kwa sababu ya panya mmoja, kwa nini sisi tuchome?

Kabla ya kumkabidhi fundi

Wako mafundi wazuri na waaminifu Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Lakini fundi hajui kilichomo ndani mpaka umwambie. Mwambie hivi: "Mwanangu, kabla hujapiga Windows, nitolee kwanza vitu vyangu." Anaweza kuiwasha mashine kwa mfumo mwingine uliomo kwenye flashi, au kutoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine, akanakili kila kitu. Ukabidhi flashi yako, na usiondoke mpaka mmekubaliana. Mwulize pia kama Windows atakayoweka ni halali. Nakala za wizi mara nyingi huwekwa zikiwa zimezimwa masasisho, na hapo mlango unabaki wazi bila wewe kujua.

Kuna jambo moja linaloweza kumshinda hata fundi hodari. Baadhi ya kompyuta hufunga diski yake kwa kufuli la siri liitwalo BitLocker, na baada ya matengenezo hudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo aghalabu hutunzwa katika akaunti ya Microsoft ya yule aliyeianzisha mashine. Je, ni nani aliyeianzisha ya kwenu? Kama ni shemeji aliyeko Dar es Salaam, akitumia anwani yake mwenyewe, ufunguo uko kwake. Mpigie leo, wakati mashine ni nzima. Andika tarakimu hizo kwenye karatasi, uzitunze pamoja na hati za kibanja na vyeti vya watoto, na baba watoto naye ajue zilipo.

Kama mashine imezeeka

Huenda hakuna kilichoharibika, ila umri umefika. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta nyingi za mtumba. Mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama uliandaliwa kwa wanaojiandikisha, lakini ni wa muda tu. Windows 11 hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 ambacho mashine nyingi za zamani hazina. Ikikataa kwa sababu hiyo, kurudia mara kumi hakutasaidia, na kumlipa fundi alazimishe ni kutupa fedha. Mifumo ya bure ya Linux, kama Ubuntu, inaweza kuipa mashine ya namna hiyo miaka mingine ya kazi ya kuandika na kusomea. Na anayenunua mtumba sasa, amwulize muuzaji kwanza kama mashine inapokea Windows 11.

Desturi njema ya kila mwezi

Kabla ya Jumanne ya pili, nakili mafaili ya nyumba kwenye flashi na uitunze mahali pengine, si ndani ya mfuko mmoja na kompyuta. Kama kompyuta ni mpakato, yaani ile ya kukunja, chaji betri ijae. Kama ni ya mezani, isasishwe kwa UPS au siku ambayo umeme umetulia na LUKU ina uniti za kutosha. Nunua bando la usiku ikiwa ni nafuu kwa mtandao wenu. Na katika miezi ya mvua, mawingu yakianza kujikusanya juu ya vilima, usianze sasisho. Zima, chomoa waya, na usubiri kesho yake.

Mfundishe pia binti na kijana wa nyumbani hatua hizi, maana siku mashine itakapogoma huenda wewe uko shambani au sokoni. Wajue neno la kwanza la kumwambia fundi, na wajue flashi iko wapi.